Seli Zinazokataa Kufa: Wasomaji Wauliza, Wataalamu Wajibu

Barua nyingi za mwezi huu kutoka pande za Ziwa Victoria zinauliza kuhusu saratani. Tumezipanga kwa uharaka wa jambo, si kwa tarehe ya kufika. Ya kwanza ilijibiwa siku ile ile ilipopokelewa. Tunaichapa kwa sababu wapo wazazi wengine walio katika hali hiyo hiyo leo.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka sita. Wiki tatu zilizopita shavu la kulia lilianza kuvimba. Gego lilikuwa linalegea, tukaenda likang'olewa, lakini uvimbe ukazidi. Duka la dawa wakatupa prednisolone, ukanywea siku nne tu, sasa umerudi mkubwa kuliko mwanzo na jicho linatokeza. Halalamiki maumivu sana. Hili ni jipu la jino?
Mama, Sengerema

JIBU: Mama, pole kwa mahangaiko. Mtoto afike hospitali yenye kitengo cha saratani kesho asubuhi. Kwa walio upande wenu ni Bugando, hapa Mwanza. Ukipitia zahanati kuomba rufaa, mwambie mhudumu wazi kwamba uvimbe una wiki tatu na jicho limeanza kutokeza, ili asikupangie tarehe ya mbali.

Jipu la jino huuma, huleta homa, na mara nyingi hutoa usaha. Uvimbe wa taya usiouma sana, kwa mtoto mdogo, unaolegeza magego kabla ya wakati wake, lazima udhaniwe ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, mpaka kipimo kiseme vingine. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1958. Mwaka 1961 alizunguka kwa gari maili zipatazo 10,000, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamewahi kuuona. Aliukuta kwenye maeneo ya joto na mvua, chini ya mita 1,500 hivi, pale pale penye malaria nyingi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tumo ndani.

Haraka yetu ina sababu. Seli za ugonjwa huu zinaweza kujizidisha maradufu ndani ya saa 24 hadi 48, na ni saratani chache sana zenye mbio kama hizo. Jicho la mzazi nalo hudanganyika: uvimbe ukionekana umeongezeka upana mara mbili, ujazo wake umeongezeka mara nane.

Tunaomba maduka ya dawa wasome sehemu hii mara mbili. Prednisolone na deksamethasoni huziamuru seli za limfoma zife. Ndiyo maana uvimbe ulinywea. Lakini dawa hiyo peke yake haizimalizi; zilizobaki hurudi na nguvu, na kinyama cha kupimwa kikikatwa katika siku hizo mtaalamu wa hadubini anaweza kukuta seli zilizokufa tu, asijue zilikuwa za nini. Kwa hiyo usimpe tena hata kidonge kimoja, ila wataalamu wakisema. Beba boksi la dawa uliyompa na uandike tarehe alizokunywa. Mpe maji ya kunywa kwa wingi njiani.

Akianza kukosa nguvu miguuni au akishindwa kukojoa, usingoje asubuhi, ondokeni usiku huo. Maana yake uvimbe unaweza kuwa umebana uti wa mgongo, na hapo huhesabiwa saa, si siku. Wengine ugonjwa huwaanzia tumboni, taya likiwa zima kabisa.

Mbio zile zile zinazotisha ndizo zinazoufanya usikie dawa. Saratani hii ni miongoni mwa zinazoyeyuka upesi kuliko zote mtoto akiwahi na akimaliza mizunguko yote ya dawa. Wengi hukatisha uvimbe ukiisha kuonekana kwa macho. Msikatishe.

SWALI: Mwangaluka wataalamu. Nafundisha baiolojia kidato cha tatu. Mwanafunzi aliniuliza: kama seli hugawanyika kila siku, mbona hatuendelei kunenepa mpaka tupasuke? Nikamjibu kwamba nyingine hufa. Akauliza, nani anaziambia zife? Nikakwama. Na hili linahusianaje na saratani?
Mwalimu, Magu

JIBU: Mwalimu, huyo mwanafunzi mtunze. Swali lake lilichukua watafiti miaka mingi.

Seli hufa kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni ajali: moto, sumu, kukosa damu. Seli huvimba, hupasuka, na yaliyomo humwagika na kuwasha jirani zake. Ya pili ni ya mpango. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliipa jina apoptosisi, kutoka neno la Kigiriki la majani yanayodondoka mtini. Kiswahili kina neno lake zuri, kupukutika. Mfikirie mwenye mtumbwi mkuukuu pale ufukweni anayeubomoa ubao kwa ubao na kuokota kila msumari. Halafu ufikirie mtumbwi uliozama na pipa la mafuta. Vyote viwili vimekwisha kazi, lakini ziwa halikupata hasara ileile.

Anayeamuru ni seli yenyewe. Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi iliyotumia mnyoo wa udongoni wenye urefu wa milimita 1. Anapokua hadi utu uzima hutengeneza seli 1,090 za mwili, na 131 kati yake hufa, zile zile kila mara, akabaki na 959. Horvitz akapata jeni zinazotoa amri hiyo, na jeni nyingine inayoizuia. Binadamu tuna ndugu wa jeni hizo zote.

Kwetu amri hupita hivi. DNA ikiharibika, protini iitwayo p53 hujikusanya ndani ya seli. Kama uharibifu unatengenezeka, husimamisha mgawanyiko ili mafundi wafanye kazi. Kama hautengenezeki, huwasha protini zinazoisukuma Bcl-2 pembeni. Bcl-2 ndiye mlinzi wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Akiondoka, protini mbili, BAX na BAK, hutoboa utando wa nje wa mitokondria na protini ya humo, sitokromu C, huvuja. Ikivuja hushikana na protini nyingine, Apaf-1. Apaf-1 saba hujipanga kama gurudumu. Gurudumu huamsha kimeng'enya kiitwacho kaspasi-9, nacho huamsha kaspasi-3. Hiyo ya mwisho ni mkasi: hukata mamia ya protini na kumfungulia kimeng'enya kinachoikatakata DNA. Seli husinyaa, hugawanyika vifurushi, na kila kifurushi huonyesha nje mafuta ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando. Kwa selimeza, yaani seli za kinga zinazomeza mabaki, mafuta hayo ni tangazo la chakula. Huja, humeza, na hakuna uvimbe wala maumivu.

Sasa saratani. Watu husema ni seli zinazokua hovyo. Ni kweli, lakini ni nusu. Mwili una jibu kwa seli inayokua hovyo, nalo ni kuiamuru ife. Saratani inapatikana pale amri hiyo inapokosa wa kuitii. Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1988 huko Melbourne, Australia, ambako David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams walionyesha kwamba Bcl-2, iliyokwisha kujulikana kuwa imeharibika katika aina moja ya limfoma, haiongezi kasi ya kugawanyika hata kidogo. Inachofanya ni kuzuia seli zisife. Karibu nusu ya saratani za binadamu zimeharibu jeni ya p53.

Limfoma ya Burkitt tuliyomweleza mama wa Sengerema inaonyesha pande zote mbili kwa pamoja. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni MYC huhamia, mara nyingi, kromosomu ya 14, na MYC ikawa imewashwa muda wote. MYC huharakisha mgawanyiko na wakati huo huo huita kifo. Kwa hiyo seli nyingi sana hufa humo humo ndani ya uvimbe. Chini ya hadubini unaona seli za bluu nzito zilizobanana, na kati yake selimeza nyeupe zilizojaa mabaki ya wafu. Wataalamu huita picha hiyo anga la nyota. Zinazoshinda ni zile zilizopata namna ya kutoisikia amri. Kirusi cha Epstein-Barr, ambacho watoto wa huku hukipata wakiwa wadogo sana, huzisaidia kwa kuinyamazisha BIM, mojawapo ya protini zinazoita kifo. Malaria ya mara kwa mara nayo huzisukuma seli za kinga zigawanyike bila kupumzika, na hapo ndipo nafasi ya kromosomu kukatika vibaya inapoongezeka.

Kwa darasa, tumia viluwiluwi. Mkia wa kiluwiluwi hauanguki. Seli zake hujiua na nyama yake hutumika upya. Chota vitano au sita kwenye dimbwi la mvua kwa chujio lenye mpini mrefu, mkivaa viatu vya mpira. Msichote ufukweni mwa ziwa, kwa kuwa huko kuna konokono wa kichocho. Maji ya bomba yalale wazi kwenye ndoo siku nzima kwanza, klorini itoke, ama sivyo watakufa usiku wa kwanza. Chakula ni mchicha uliochemshwa mpaka ukalainika, kiasi cha ukucha, na mabaki yatolewe kila siku. Pimeni mkia kwa rula kila asubuhi. Miguu ya mbele ikishatoka, mkia huanza kwenda haraka, na wakati huo hawali. Msidhani ni wagonjwa. Wekeni jiwe linalochomoza juu ya maji, kwa sababu anayegeuka chura bila mahali pa kupanda huzama. Hapa ndipo majaribio mengi ya shule huharibikia.

SWALI: Ni tabibu wa kituo cha afya kisiwani. Vinyama ninavyotuma Mwanza hurudishiwa maneno "sampuli haifai". Pia naomba kuelewa kwa nini tunakatazwa kuanza dawa za saratani huku kabla ya rufaa wakati mtoto anazidiwa.
Tabibu, Ukerewe

JIBU: Tabibu, tuanze na kinyama. Seli ikishatengwa na damu huanza kujimeng'enya, na anga la nyota tulilolitaja hufutika. Formalini ndiyo inayosimamisha mambo. Tumia ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi, yaani sehemu moja ya formalini ya dukani kwa tisa za maji yenye chumvi za bafa. Iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kinyama kwenye formalini pungufu ya hapo kitaoza katikati. Huingia kwenye nyama kama milimita 1 kwa saa, kwa hiyo kipande kinene kikatwe kisizidi milimita 5. Kiingie ndani ya saa moja tangu kukatwa.

Makosa tunayoyadhania kwako, kwa jinsi barua yako inavyoeleza: kutumia spiriti au maji ya chumvi ya dripu, kuweka kwenye barafu, kubana kwa koleo mpaka seli zikasagika, na chupa ya mdomo mwembamba. Kinyama huingia laini na kutoka kigumu, na maabara ikilazimika kukivuta hukirarua. Jina liandikwe kwenye mwili wa chupa, si kwenye kifuniko, kwa maana vifuniko hubadilishana. Ikiwezekana kifike ndani ya saa 48, kisizidi 72. Kwa hiyo kata kinyama ukiwa unajua boti ya kesho ipo.

Kuhusu dawa. Kupukutika ni usafi pale tu selimeza zinapoweza kumeza. Seli bilioni nyingi zikifa kwa siku moja, wamezaji huzidiwa, vifurushi hupasuka, na damu hupokea kwa mkupuo potasiamu, fosfeti na DNA ambayo mwili huigeuza asidi ya yuriki. Potasiamu husimamisha moyo. Asidi ya yuriki huganda ndani ya figo. Fosfeti hushikana na kalsiamu, kalsiamu ya damu ikashuka, mtoto akapata mishtuko. Mtoto wa Burkitt anaweza kufa kwa dawa iliyofanya kazi vizuri mno. Ni hatari ile ile inayowafanya madaktari waianze venetoclax, kidonge cha saratani ya damu kinachomzuia Bcl-2 moja kwa moja, kwa miligramu 20 na kuipandisha kila wiki mpaka 400 kwa muda wa wiki tano.

Kwa hiyo kabla ya siklofosfamidi, dawa ya saratani, mtoto hupewa maji mengi, lita 3 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ana kama mita za mraba 0.8, kwa hiyo ni lita 2.4. Dripu isitiwe potasiamu. Mkojo upimwe: unatakiwa kama mililita 3 kwa kilo kwa saa, yaani 60 kwa saa kwa mtoto huyo. Alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, ni miligramu 10 kwa kilo kwa siku, imegawanywa mara tatu. Potasiamu, fosfeti, kalsiamu, yuriki na kreatinini hupimwa mara kadhaa kwa siku katika siku za mwanzo. Kalsiamu ikishuka bila dalili haipewi kwa mshipa, kwa sababu itashikana na fosfeti na kuziba figo. Bila maabara ya kurudia vipimo usiku, usianze. Unachoweza kufanya kisiwani ni kuanza maji, kupima mkojo, kuandika uzito halisi wa mizani, na kumpandisha chombo.

SWALI: Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Naweka dondoo la mmea kwenye seli za HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi zinazokuzwa maabara, na kupima kifo kwa rangi mbili, anneksini V na propidiamu ayodaidi. Tatizo, seli ambazo sikuzipa kitu nazo zinaonyesha asilimia 30 zimekufa. Nakosea wapi?
Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Tuangalie kwanza tripsini, kimeng'enya unachobandulia seli kwenye chupa. Anneksini V hushika yale mafuta yaliyogeukia nje, na hushika kwa msaada wa kalsiamu. Tripsini ikikaa muda mrefu hutoboa utando, rangi ikaingia ndani na kushika mafuta ya seli iliyo hai. EDTA, kemikali iliyomo humo, nayo hunyakua kalsiamu. Dakika 3 zinatosha kwenye nyuzi 37, kisha isimamishe kwa chakula cha seli chenye seramu asilimia 10, na uoshe mara mbili kwa bafa baridi kabla ya kuweka bafa ya anneksini yenye kalsiamu milimola 2.5. Zungusha mirija kwa nguvu ya g 300, yaani mara 300 ya mvutano wa dunia, dakika 5. Kasi zaidi huzipasua.

Kiasi kinachofanya kazi kwa wengi ni seli 100,000 katika mikrolita 100, anneksini mikrolita 5, propidiamu mikrolita 5, dakika 15 gizani kwenye joto la chumba, halafu ongeza bafa mikrolita 400 na upime ndani ya saa moja. Ukiacha mirija ikingoja foleni ya mashine saa tatu, unapima uzembe wa foleni.

Jambo la pili ni msongamano. Seli zilizojaa chupa hufa zenyewe. Vuna zikiwa zimefunika kama asilimia 70. La tatu ni umeme. Ukikatika, gesi ya kaboni kwenye kiatamizi hushuka chini ya asilimia 5 na chakula cha seli hugeuka kutoka wekundu kuwa zambarau. Ukikuta rangi hiyo asubuhi, usitumie chupa hizo kwa jaribio.

Kuna kosa linalokwenda upande mwingine: kumwaga zile zinazoelea. Seli zinazokufa hujibandua, kwa hiyo zilizo majini ndizo unazozitafuta. Zikusanye zichanganywe na zilizobanduliwa.

Weka mirija minne ya kulinganisha: isiyo na rangi, yenye anneksini tu, yenye propidiamu tu, na iliyopewa staurosporini mikromola 1 kwa saa 4 hadi 6 ili uione apoptosisi ya kweli. Na usimalizie hapo. Seli iliyochelewa kumezwa hupasuka na kushika rangi zote mbili, sawasawa na iliyokufa kwa sumu. Thibitisha kwa protini iitwayo PARP: kaspasi-3 huikata kutoka uzito wa kilodaltoni 116 hadi 89. Bila mstari wa 89, usiandike neno apoptosisi kwenye tasnifu.

SWALI: Nauza dawa za asili. Mteja kaniletea karatasi inasema unga wa majani fulani unaua asilimia 90 ya seli za saratani maabara. Nikiwaambia wateja hivyo nitakuwa nadanganya?
Mfanyabiashara, Kirumba

JIBU: Karatasi inaweza kuwa ya kweli na ujumbe kwa mteja ukawa wa uongo. Klorini ya kusafishia vyoo inaua asilimia 100. Soma kipimo kilichotumika. Tuseme ni mikrogramu 200 kwa mililita. Ili damu ya mtu mzima, lita 5 hivi, ifikie hapo, gramu 1 nzima ya dondoo iwe ndani ya damu kwa wakati mmoja. Ukihesabu maji yote ya mwili, lita 40, ni gramu 8. Nyingi ya anachokunywa haifiki, huishia tumboni na kwenye ini. Kisha uliza kama walijaribu seli zisizo na saratani. Kama nazo zilikufa, hiyo ni sumu.

Mimea haidharauliwi. Vincristine, dawa mojawapo inayotumika kwa watoto wa Burkitt, hutokana na ua la asili ya Madagaska linalopandwa hata bustanini kwetu. Lakini gramu moja hutoka katika majani makavu ya mamia ya kilo, na dozi ya mtu mzima haizidi miligramu 2. Anayechemsha majani hayo nyumbani hana namna ya kujua kakunywa kiasi gani. Tunakusihi usimuuzie chochote mgonjwa aliye kwenye dawa za hospitali kabla hajamuuliza daktari wake. Siklofosfamidi huamshwa na ini, na mimea inayobadilisha kazi ya ini hubadilisha dozi bila mtu kujua.

SWALI: Nimesikia tembo hapati kansa kwa urahisi. Ni kweli?
Mwanafunzi wa sekondari, Lamadi

JIBU: Ni kweli kwamba hufa kwa saratani kwa nadra ukilinganisha na wingi wa seli zake. Binadamu hurithi p53 nakala moja kwa kila mzazi. Tembo ana nakala 20 kutoka kila upande, ingawa nyingi si kamili. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba chembe nyeupe za damu ya tembo zikipigwa mionzi hujiua karibu mara mbili ya zetu. Seli ya tembo yenye kasoro haibembelezwi.

SWALI: Binti yangu ana miaka 11, shuleni wanachanja HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, sindano moja tu. Zamani zilikuwa mbili. Je, hawajapunjwa?
Mzazi, Ilemela

JIBU: Hawajapunjwa, na ushahidi mmojawapo ulitoka hapa hapa. Katika utafiti wa DoRIS wasichana 930 wa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, walipewa dozi moja, mbili au tatu. Miaka miwili baadaye zaidi ya asilimia 97 ya waliopata moja walikuwa bado na kinga dhidi ya HPV 16 na 18, aina mbili zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024.

Kirusi hiki kina protini iitwayo E6, ambayo humshika p53 na kumpeleka kwenye mashine ya seli inayosaga protini. Jeni ya p53 ni nzima, ila mlinzi mwenyewe husagwa kila anapotengenezwa. Chanjo hufanya kazi kabla kirusi hakijaingia, ndiyo sababu ya umri huo.

Kama wewe ndiye mama yake, chanjo hiyo haikuhusu sasa, lakini kipimo kinakuhusu kama una miaka 30 hadi 50, au 25 na kuendelea kama unaishi na virusi vya UKIMWI. Mhudumu hupaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi na kungoja dakika moja. Sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Majibu ni hapo hapo, na doa dogo mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Nenda siku usiyo kwenye hedhi.